Mwandiko haukuuawa na simu

Vishikwambi vilivyohesabia watu katika Sensa ya 2022 vilipogawiwa walimu, mjadala mmoja wa zamani ulipata nguvu mpya kwenye mabaraza ya Unguja na Pemba na kwenye makundi ya WhatsApp ya wazee wa wanafunzi. Wapo wanaofungua madaftari ya watoto wao na kuonesha herufi zilizolala huku na kule, "a" isiyojulikana na "o", mstari unaoanzia juu na kuishia chini, wakasema simu ndiyo iliyowaharibu. Wapo na wanaojibu kwamba hiyo si hasara hata kidogo, kwa sababu dunia sasa inachapa, na hata Finland, nchi inayosifiwa kwa elimu, imeshafuta mwandiko. Pande zote mbili zimekubaliana jambo moja bila ya kujijua: kwamba kibodi imeshindana na kalamu, na kalamu imeshindwa. Hapo ndipo zinapokosea. Hapa kwetu kalamu haijashindana na chochote. Mwandiko umeachwa kufundishwa, na kuchapa nako hakukufundishwa badala yake, na katikati ya mawili hayo tunalea watoto wanaopimwa kwa chombo ambacho hakuna aliyewaonesha namna ya kukishika.

Nianze na Finland, maana ndiyo inayotajwa sana na kueleweka kidogo. Mtaala ulioanza kutumika huko mwaka 2016 haukuondoa kuandika kwa mkono. Kilichoondolewa katika masomo ya lazima ni mwandiko wa kuunga, ule ambao herufi zinashikana mikono toka mwanzo wa neno mpaka mwisho wake. Herufi moja moja zinaendelea kufundishwa kwa penseli, na pamoja nazo mtoto anafundishwa kuchapa. Tangu hapo kwengine upepo umegeuka. Mwaka 2023 serikali ya Sweden ilitangaza kurudisha vitabu vya karatasi na kupunguza skrini kwa watoto wadogo, na California, kwenye makao ya makampuni makubwa ya kompyuta, ilipitisha mwaka huohuo sheria inayotaka mwandiko, ukiwemo wa kuunga, ufundishwe toka darasa la kwanza mpaka la sita. Sisemi tuwafuate. Kila nchi ina matatizo yake na skuli zake. Lakini anayezileta nchi hizo barazani kama ushahidi kwamba kalamu imekufa, ushahidi wake haumsaidii.

Sasa tuingie madarasani kwetu. Mwanafunzi wa Zanzibar anafanya mitihani ya Baraza la Mitihani la Zanzibar kwa kalamu, kisha anafanya ya Kidato cha Nne na cha Sita ya Baraza la Mitihani la Tanzania kwa kalamu. Insha ya Kiswahili, maelezo ya Historia, mchoro wa moyo katika Biolojia, vyote ni mkono wake na karatasi. Anayesahihisha hamjui na hakuwahi kumuona anavyochangamka akiulizwa suala. Anachokiona ni mwandiko tu, na neno lisilosomeka halina alama. Kwa hiyo anayesema mwandiko umepitwa na wakati anamwambia hivyo mtoto ambaye miaka yake yote ya skuli inaamuliwa kwa mwandiko. Na mtoto huyo anafundishwa wapi? Waliosoma zamani wanakikumbuka kipindi cha mwandiko kilichokuwa na nafasi yake katika ratiba, mwalimu akionesha ubaoni "g" inaanzia wapi na mkia wake unashuka mpaka wapi. Wanaikumbuka na imla: mwalimu anasoma sentensi, darasa zima linaandika, kimya, unasikia penseli tu. Leo katika skuli nyingi, watoto wakiwa wengi darasani na mikondo ya asubuhi na mchana ikibana saa, kilichobaki ni kunakili ubaoni. Kunakili si kufundishwa. Mtoto aliyezoea kuianza "o" chini kwenda juu ataianza hivyo mara elfu kumi, na kila mara itamchelewesha kidogo. Mwalimu mwenye madaftari sitini mezani hana namna ya kuuona mkono wa kila mmoja unavyotembea. Anaona matokeo yake jioni, anaweka vema, anapita kwenye daftari linalofuata. Simlaumu mwalimu huyo. Tumempa kazi ya watu watatu, kisha tunashangaa moja katika hizo tatu haikufanyika.

Sisi Wazanzibari tulitakiwa tulijue hili kuliko wengine, maana tumewahi kupoteza mwandiko mmoja mzima. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya kuandikwa kwa herufi za Kirumi. Zipo barua za Kiswahili zilizotoka Kilwa mwaka 1711 ambazo mpaka leo zimehifadhiwa Goa, India. Kamange na Sarahani, washairi wa Pemba wa karne ya 19, waliandika na kujibizana kwa herufi hizohizo. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zimejaa makaratasi ya namna hiyo. Kisha walikuja wamisheni. Edward Steere alichapisha kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili mwaka 1870 kwa herufi za Kirumi. Zikaja skuli za serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20, nazo zikashika herufi hizo, na ilipoundwa mwaka 1930 kamati ya kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki kwa msingi wa Kiunguja, suala la herufi lilikuwa limeshamalizwa.

Waliobadilisha hawakukosa hoja, na si haki kuwafanya wote maadui wa urithi wetu. Herufi za Kiarabu zina alama moja ya irabu, dhumma, kwa "o" na "u", na nyengine moja, kasra, kwa "e" na "i". Msomaji wa barua ilimbidi ajue habari yenyewe kwanza ndipo ajue kama ameambiwa "toa mzigo" au "tua mzigo". Sauti za "ch", "v" na "p" zilikuwa zinatafutiwa herufi za kuazima, na kila mwandishi alikuwa na lake. Lakini udhaifu huo haukuwa mpya. Watu waliishi nao miaka mingi, wakaandikiana posa, wasia na hesabu za biashara, wakaelewana. Kilichoumaliza mwandiko ule ni kutokuwamo katika ratiba ya skuli. Nyumba zikadhani chuo cha Kurani kitaushika, kwa vile ni herufi za msahafu. Chuo kikashika Kurani, ambayo ndiyo kazi yake, na Kiswahili kikabaki hakina mwenyewe. Babu aliendelea kuandika mpaka siku yake ya mwisho, baba akawa anasoma kwa kubabaika, na mjukuu hakuonyeshwa.

Bibi yangu alituachia kasha huko Wete, na ndani yake mlikuwa na barua kumi na moja za babu. Sisi wajukuu sote tumesoma, na sote tumehitimu msahafu, lakini hakuna aliyeweza kuzifungua barua zile zikamwambia kitu. Tulimpelekea maalim mmoja wa chuo, mtu mzima sana, akazisoma kwa kituo huku akirudia baadhi ya maneno mara mbili tatu. Barua ya nne ilikuwa mapatano ya mpaka wa shamba la mikarafuu, mpaka uleule ambao baba na ami yangu walikuwa hawasemezani kwa ajili yake kwa muda wa miaka ishirini. Karatasi ilikuwa chumbani kwa bibi siku zote hizo.

Kuna na jambo la Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said wa Zanzibar, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake alizozichapisha Ujerumani mwaka 1886 anaeleza kwamba wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma tu. Kuandika hakukuwa kwao. Alijifunza mwenyewe kwa siri, akiziiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ukitumika kama kibao cha kuandikia. Na mwaka 1859, Barghash alipokula njama ya kumpindua ndugu yake, Sultani Majid, ni Salme, msichana ambaye hata miaka ishirini hajafika, aliyekuwa akiandika barua za njama ile. Waliowanyima wasichana kalamu walijua wanawanyima nini. Anayesoma anapokea maneno ya mwenziwe. Anayeandika anapeleka ya kwake. Nikiingia katika vyuo vyetu vingi leo naona watoto wanasoma juzuu zilizopigwa chapa, nzuri, safi, lakini ubao, wino wa masizi na kalamu ya mwanzi havimo tena. Mtoto anahitimu, karamu inafanywa, na jina lake mwenyewe hawezi kuliandika kwa herufi alizozisoma kwa miaka. Katika herufi za Kirumi nako tunaelekea hukohuko: watoto wanaosoma skrini kutwa nzima, na sentensi tano zenye mpangilio hawawezi kuzitoa mkononi. Lile ambalo watu wa jumba la Mtoni waliwafanyia binti zao kwa kusudi, sisi tunawafanyia watoto wetu wote, wa kike na wa kiume, kwa kughafilika.

Katika utafiti nako inafaa tuwe waangalifu, maana sisi wapenzi wa kalamu tunanukuu kwa pupa. Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer, watafiti wa Marekani, walionesha kwamba wanafunzi wa chuo kikuu walioandika mhadhara kwa mkono walijibu vizuri zaidi masuala ya kufahamu kuliko waliochapa, kwa sababu waliochapa walikuwa wakimeza maneno ya mwalimu kama yalivyo. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Majaribio yaliyokuja kurudiwa na wengine hayakuona tofauti kubwa kiasi hicho, na hili halikuenea. Mwanzoni mwa 2024 ukatoka utafiti wa chuo kikuu cha Trondheim, Norway: wanafunzi 36 walipimwa mawimbi ya ubongo wakiandika na wakichapa, na ilionekana kwamba wakiandika, sehemu za ubongo zinawasiliana kwa upana zaidi. Wengi wameutumia utafiti huo kuvipiga vita vishikwambi. Lakini wanafunzi wale waliandika kwa kalamu ya kielektroniki juu ya skrini, na walichapa kwa kidole kimoja, na hawakupimwa wamejifunza nini. Ukiusoma kwa haki, unazungumzia mkono unaochora herufi, iwe juu ya karatasi, juu ya kioo au juu ya mfupa wa ngamia.

Ushahidi ulio imara zaidi, kwa ninavyoona mimi, ni wa watoto wadogo. Mwaka 2012 Karin James, wa Chuo Kikuu cha Indiana, na mwenzake Laura Engelhardt waliwachukua watoto wa umri wa miaka mitano ambao bado hawajajua kusoma, wakawafanya wajifunze herufi kwa njia mbalimbali: kuiandika wenyewe, kuipitishia kalamu juu ya alama, na kuibonyeza kwenye kibodi. Walipowatazama ubongo wakioneshwa herufi zile, sehemu zinazohusika na kusoma ziliamka kwa herufi walizoziandika wenyewe. Mtoto anapoiandika "b" vibaya, ikageuka "d", akaifuta, akairudia, ndipo anapoijua. Kibodi humpa "b" iliyokwisha kukamilika. Na watafiti wa uandishi wamekuwa wakisema kwa miaka mingi jambo ambalo kila mwalimu wa darasa la pili analijua bila ya kusoma utafiti: mtoto ambaye bado anahangaika na umbo la herufi hana nafasi akilini ya kufikiri anachotaka kusema. Akili yake yote imo katika ncha ya penseli.

Hoja za kibodi zipo, na nyengine ni nzito. Mtoto asiyeona na yule ambaye mkono wake hautulii wanaweza kufunguliwa na mashine mlango ambao kalamu imewafungia, na kuwanyima kwa jina la kulinda urithi ni dhulma. Karatasi ya dawa iliyoandikwa kwa mikwaruzo ni hatari kwa mgonjwa, bora ichapwe. Ofisi zinazohamia kwenye mifumo ya kompyuta zinataka vijana wanaojua kuitumia. Yote hayo nayakubali bila ya kinyongo. Nisiyoikubali ni ile inayosemwa mara nyingi kuliko zote, kwamba "akikua atachapa tu, mwandiko wa nini?" Kabla ya kukua ana miaka kumi na zaidi ya mitihani ya kalamu. Kabla ya kukua anatakiwa ajue kusoma, na mkono ni njia mojawapo ya kufikia kusoma. Zaidi ya hayo, nani anayemfundisha kuchapa? Kuchapa ni ujuzi, una vidole kumi na mahali pa kila kidole, na zamani watu walikaa miezi darasani kuupata. Watoto wetu wanachapa kwa dole gumba juu ya kioo cha simu, wakifupisha kila neno mpaka linabaki konsonanti mbili. Tena hata hilo linawachosha, siku hizi wanatuma sauti. Sauti ni nzuri kwa kujuliana hali, lakini si ombi la kazi, na mapatano ya mpaka wa shamba hayawekwi kwa sauti yakaja kusomwa na mjukuu.

Na upande wetu wa kalamu pia tuna hoja mbovu ya kuiacha. Ni ile inayosema kwamba mwandiko mzuri ni dalili ya tabia njema na akili timamu. Si kweli, na imeumiza watoto. Ndiyo iliyowafanya waliozaliwa na mkono wa kushoto wapigwe skuli na chuoni mpaka wahamie wa kulia, wakawa wanaandika vibaya maisha yao yote kwa mkono usiokuwa wao, kisha wakaitwa wavivu. Mwandiko ninaoutetea hauna haja ya kupendeza. Usomeke, na uende kwa kasi ya fikra ya mwenyewe. Anayetaka hati ya mapambo ataifuata kwa mapenzi yake, kama watu wanavyofuata kuchora hina au kuchonga milango.

Ukitaka kuuona mwandiko usiotafuta uzuri unavyofanya kazi, nenda Pemba msimu wa karafuu. Jioni wachumaji wanarudi na makonyo na karafuu mbichi, zinapimwa kwa pishi, na mwenye shamba au msimamizi wake anaandika daftarini jina na idadi ya pishi mbele ya macho ya kila mmoja. Mchumaji anainama kuangalia. Akiona amepunjwa anasema hapohapo, kwa sababu anaweza kulisoma jina lake na kuihesabu idadi yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naona maneno hayo yanamhusu mchumaji zaidi kuliko tajiri, kwani tajiri ana njia nyengine za kuikumbuka mali yake. Betri ikiisha katikati ya shamba, daftari lile bado linasomeka.

Ikiwa tatizo ni kufundisha, basi mjadala wa kununua au kutonunua vishikwambi unatupotezea muda. Vishikwambi vije, lakini vikija kwa watoto wa madarasa ya chini vije na kalamu zake, mkono uendelee kuchora herufi. Kuchapa kufundishwe kweli, kwa vidole kumi, kuanzia madarasa ya juu ya msingi, na somo hilo lipewe saa zake. Na kipindi cha mwandiko kirudi toka darasa la kwanza mpaka la nne, dakika ishirini kwa siku, pamoja na imla. Vyuo vya ualimu viwafundishe walimu wa madarasa hayo namna ya kuutazama mkono wa mtoto unaposhika penseli, na namna ya kumuacha wa mkono wa kushoto na mkono wake. Vyuo vya Kurani navyo vinaweza kurudisha ubao, hata kama ni nusu saa ya Alkhamisi. Hakuna katika haya kinachosubiri mfadhili. Ugumu uko katika idadi ya watoto kwa mwalimu mmoja, na skuli za ghorofa zinazojengwa zitasaidia hapo ikiwa nafasi zitakazopatikana zitatumika kumkaribisha mwalimu kwenye daftari la mtoto.

Tukiacha hivi tulivyo, wataoumia wanajulikana. Mwenye uwezo anamlipia mwanawe mwalimu wa nyumbani wa mwandiko, na kompyuta ya kujifunzia kuchapa, atapata vyote viwili. Msichana wa Micheweni anayeitegemea skuli yake peke yake atakosa vyote viwili, na Novemba ikifika ataingia katika chumba cha mtihani wa Kidato cha Nne, atapewa kijitabu chenye mistari mitupu, na saa ya ukutani itaanza kuhesabu huku majibu yote yakiwa kichwani mwake.